Lori la Sadaka na Kamba ya Lalji

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile shemeji yangu Kiplabat alipoingia nyumbani kwangu Ndanai akiwa na sukari mkononi, na moyo wangu ukaniambia: funga ng'ombe.

Usicheke. Wewe hukumjua Kiplabat. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa kanisa, mtu wa kazi, lakini mkono wake ulikuwa umefumba kama wa mtoto mchanga. Tangu niolewe sikuwahi kumwona akileta hata chembe ya chumvi. Akija, alikunywa chai yetu, akaisifu, akaondoka. Leo analeta sukari! Mkono ambao haujawahi kutoa ukianza kutoa, angalia ule mwingine umeshika nini.

Nakueleza haya kwa sababu umekuja kwangu ukiwa na furaha tele, ati unataka kutoa gari lako kwa kituo cha watoto yatima. Nikakuuliza, mkopo umemaliza? Ukasema, "Bado kidogo, Kogo, lakini hiyo ni kati yangu na benki." Hapo ndipo mimi bibi yako niliweka kikombe chini. Kaa. Chai yako itapoa, haidhuru.

Hiyo ilikuwa miaka ya nzige, kabla ya vita vya Hitla. Mimi nilikuwa msichana niliyesoma misheni mpaka pale ambapo msichana aliruhusiwa kufika, na nilikuwa na mdomo. Mgongoni nilimbeba Chepngetich, ambaye leo ndiye mama yako, naye alikuwa hajaanza kutambaa. Homa niliyougua baada ya kujifungua ilikuwa imenikausha maziwa. Kifua changu kilikuwa kama jiwe la kusagia. Mtoto yule aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu wawili, basi. Wangeondoka wale ng'ombe, wewe usingekuwepo hapa kuniambia habari za benki.

Kiplabat alikuwa na lori. Lilikuwa lori kuukuu lenye bodi ya mbao, la kuwashwa kwa kuzungusha chuma mbele mpaka bega liume. Alikuwa akibeba mahindi kutoka kwetu kuyapeleka kule Kericho kwenye mashamba ya chai, yawe posho ya wafanyakazi. Kisha nzige wakala mahindi, na mashamba yakaanza kununua posho yao kwingine. Lori likalala nyuma ya nyumba yake, kuku wakataga mayai kwenye kiti cha dereva. Kumbuka hapo, mwanangu: kazi ya lori ilikwisha kwanza, sadaka ikaja baadaye.

Basi akaketi, akapewa chai kwa sukari yake mwenyewe, akamwambia mume wangu:

"Kipkemoi, nimemtolea Mungu lori."

Mume wangu alikuwa mtu mpole, alimpenda kaka yake kuliko macho yake mwenyewe. Akasema, "Lote?"

"Lote, na magurudumu yake. Libebe wagonjwa mpaka hospitali ya misheni. Wanawake wanafia njiani wakiwa na uchungu wa kuzaa, na mimi nina lori linalolaza kuku. Je, ni haki?"

Neno hilo lilikuwa zuri, sikatai. Wanawake walikuwa wakifa kweli. Mimi mwenyewe nilibebwa kwa machela nikijifungua mama yako. Lakini sikio langu lilikuwa limesimama kama la punda, nikingojea mkia wa maneno. Nao ukaja.

"Wazee wa kanisa wanataka mtu wa kulitunza. Mimi nimetaja jina lako. Jumapili utasimama mbele ya watu useme umelipokea, na likipata jambo lolote, utajibu kwa mali yako."

Mali gani? Sisi tulikuwa na mali gani zaidi ya wale ng'ombe wawili?

Nikasema, "Shemeji, wewe unatoa lori, na sisi tunatoa ng'ombe?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia chungu kikizungumza. "Bot Chepngetich," akasema, maana ndivyo mama anavyoitwa kwetu, kwa jina la mtoto wake, "hayo ni maneno ya wanaume. Wewe angalia mtoto asilale njaa."

"Ndiyo hayo hayo ninayoangalia," nikasema.

Mume wangu akanikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza kwa mdomo. Kwa moyo nilikuwa napiga kelele.

Alipoondoka, nilishika vyungu nikavigonganisha, nikafagia mahali palipofagiliwa. Nyanya yake mume wangu, Kogo Taplelei, alikuwa ameketi karibu na moto akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichowaka, kama ulivyoniona nikifanya. Alikuwa bibi mkongwe, jicho moja limefumba, lakini lile moja lilitosha watu wawili.

"Unampigia nani kelele?" akauliza.

"Kiplabat ni mwizi, Kogo. Anatuuza."

"Amekuibia nini?"

"Bado. Lakini najua."

Akapuliza kijiti, akakiingiza kibuyuni, akasugua taratibu mpaka nikadhani amenisahau. Kisha akasema:

"Hasira yako ni ya kuku. Inapiga kelele juu ya kiota, na kama nyoka yumo au hayumo, haijainama kuangalia. Ng'ombe mgeni akiletwa kwenye boma langu, siulizi anakamwa kiasi gani. Nauliza ametoka kwa nani, na ni nani atakuja kumfuata. Wewe umeuliza?"

"Sijauliza."

"Basi humjui mwizi wala humjui mwema. Acha vyungu vyangu. Nenda kaulize."

Maneno yale yaliniuma, mwanangu, kwa sababu yalikuwa kweli. Shuku isiyokwenda kuuliza ni uvivu tu uliovaa uso wa hekima. Heri ukose usingizi kwa jambo unalolijua.

Kesho yake nikachukua mayai kwenye kikapu, nikafunga mtoto mgongoni, nikaenda sokoni Chepilat kwa Muhindi mmoja mwenye duka, jina lake Lalji. Ndiye aliyemletea Kiplabat lile lori zamani. Nilijua hilo, kila mtu alijua. Kitu ambacho hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kuuliza, ni kama deni lake lilikuwa limemalizwa.

Lalji alikuwa akipima chumvi. Alikaa nchi yetu miaka mingi, hata salamu za Kikipsigis alizijua, lakini Kiswahili chake alikiendesha bila breki.

"Bwana Lalji," nikasema, "lile lori la Kiplabat ni lake?"

"Kwa nini wewe nauliza? Nataka nunua?"

"Nilinunue kwa mayai haya?"

Akacheka. "Lori ile, mama, Kiplabat nalipa nusu. Nusu bado. Lakini gari hapana kata kama mkate. Mpaka yeye maliza, yote iko chini ya mkono ya mimi. Nasema hivyo siku ya kwanza, yeye nasikia, mashahidi nasikia."

"Na akilitoa kanisani?"

Mkono wake ukasimama juu ya mizani. Chumvi ikamwagika na hakuiangalia.

"Kanisa gani?"

Hapo nikajua nyoka yumo kiotani. Kwa muda nikafurahi, si uongo. Moyo wa binadamu ni kitu cha ajabu, unaweza kufurahia kuona nyumba yako inataka kuungua kwa sababu tu ulisema kuna harufu ya moshi. Nikamwambia mambo yote, mpaka habari ya fundi seremala aliyekuwa ameshaitwa kuja Jumatatu kung'oa mbao za ubavuni, aweke benchi la wagonjwa.

"Kata mbao?" akapiga kelele. "Mbao ya nani? Mimi naenda kwa Bwana DC! Mtu ambaye nashika lori, huyo huyo nalipa!"

Mtu anayeshika lori. Yaani mume wangu. Yaani ng'ombe wawili. Nikamwomba asiende kwa DC bado, aje kanisani Jumapili aone kwa macho yake. Akanung'unika, akakubali, akanipunja kwenye bei ya mayai hata hivyo.

Nikamweleza mume wangu. Unafikiri alisema nini? "Kaka yangu hawezi. Huyo Muhindi anataka kutuchonganisha." Nikamwambia aende amuulize kaka yake mwenyewe. Akasema, "Nitamwulizaje kaka yangu kama yeye ni mwongo?" Hapo ndipo watu wengi wanapoangamia, mwanangu. Wanaona kuuliza ni tusi. Wanaona aibu ya dakika moja ni nzito kuliko hasara ya miaka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wangeongeza, wala si matusi.

Jumapili ikafika. Kanisa letu lilikuwa la nyasi na udongo, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Ezekiel, mtu wa kutoka kule ziwani, mrefu, mwenye sauti ya kukemea mvua. Lori lilikuwa limesukumwa na vijana mpaka nje ya mlango, limeoshwa, limevikwa maua. Lilipendeza kama ng'ombe aliyepakwa mafuta apate kuuzwa. Watu waliimba. Kina mama walilia kwa furaha, na mimi niliwaelewa, kila mmoja alikuwa na mtu aliyemzika kwa sababu ya umbali wa hospitali.

Mwalimu akamwita mume wangu mbele. "Kipkemoi, mbele ya watu hawa, unalipokea lori hili, na utajibu kwa mali yako?"

Nikasimama.

Elewa vizuri. Kwetu mwanamke alisikiliza barazani lakini hakusema mpaka aulizwe. Kanisani aliimba, akaomba, lakini kuuliza swali katikati ya ibada, tena juu ya shemeji yake mkubwa! Nilihisi macho ya mama mkwe yakinitoboa kisogo.

"Mwalimu," nikasema, "kabla mume wangu hajafungua mdomo, nina swali."

"Mama, maswali ni baada ya ibada."

"Baada ya ibada ng'ombe wangu watakuwa njiani kwenda Chepilat."

Watu wakaguna. Mmoja akacheka, akanyamazishwa. Kiplabat akageuka, uso umebadilika.

"Shemeji, unanihesabia sadaka?"

"Sihesabu. Nauliza mwenyewe ni nani."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Na huyu hapa ni nani?"

Lalji alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuingia. Watu wote wakageuka, mabenchi yakalia.

Nilingoja Kiplabat akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nimeshika maneno yangu kama mawe. Kumbe hakukana. Alishangaa tu.

"Kwani nimelificha?" akasema. "Ndiyo, Lalji ana haki yake kwenye lori. Na kuna shida gani? Mimi nina ng'ombe watatu kule Boito, wa kimanagan, wako bomani kwa rafiki yangu. Anakunywa maziwa, ng'ombe ni wangu. Je, wamepotea? Nikiwataka, najua nitawafuata wapi. Basi Lalji naye atalifuata lori kanisani. Kanisa halihami. Hata mvua halitanyeshewa, tutalijengea kibanda!"

Na wazee wakatikisa vichwa. Wakakubali! Maana hiyo ndiyo sheria tuliyozaliwa nayo: ng'ombe wa kimanagan hulala kwenye boma la mtu mwingine, na haki ya mwenyewe humfuata kila anakolala. Kwa kweli ilisikika vizuri. Hata mimi, mwanangu, nilianza kuketi tena. Mume wangu akafungua mdomo ili aape.

Lalji akasema kutoka mlangoni, polepole, bila kelele za juzi:

"Kiplabat. Rafiki yako ya Boito, kama yeye nataka kupa mtu ingine ng'ombe yako, yeye nafanya nini kwanza?"

"Hawezi kumpa mtu. Lazima aniite."

"Kama hapana ita?"

"Hapo amevunja urafiki. Nitamdai mbele ya wazee, yeye na aliyempokea."

"Haya," Lalji akasema. "Mimi nani naita?"

Wazee waliokuwa wakitikisa vichwa wakaacha. Mmoja akasema taratibu, kwa lugha yetu, kama anayejisemea, "Kweli, hakuitwa." Kiplabat akaangalia chini. Alikuwa ameichukua sheria yetu nusu, ile nusu iliyomfaa. Ng'ombe hulala kokote, sawa, lakini hahamishwi bila mwenye kamba kuitwa.

Nilimshuku kwa ujanja, kumbe hakuwa mjanja. Alikuwa mtu aliyetaka kuonekana mwema upesi, na hakupenda kwenda Chepilat kuongea na anayemdai. Kwangu mimi mama ilikuwa sawasawa tu. Ng'ombe akichukuliwa kwa ujanja au akichukuliwa kwa uzembe, mtoto analala na njaa ile ile. Neno la kumwita mwizi nililirudisha mbele ya Kogo Taplelei jioni ile. Swali sikulirudisha, wala sitalirudisha.

Lalji alisema maneno ya haki: maliza, nami nitakuja hapa hapa mbele ya watu niseme nimeliachilia; usipomaliza, nalichukua. Kiplabat hakuwa na cha kumalizia. Jumatatu lori likaondoka, na maua yake yamenyauka juu ya bodi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu hupenda kukata hadithi. Unadhani walinishukuru? Kanisa lilibaki bila gari. Wanawake waliolia kwa furaha wakaninunia. "Huyo ndiye aliyerudisha gari la Mungu kwa Muhindi," walisema, nikiwa nasikia, ndipo wakasema kwa sauti zaidi. Mgonjwa akabebwa tena kwa machela, begani, kwenye tope jekundu linalonyonya mguu mpaka gotini. Na kila walipopita, wabebaji walikuja kupumzika kwenye lango langu. Si kwa jirani, ni kwangu. Machela chini, mgonjwa analia, nao wananitazama.

Mara ya kwanza niliingia ndani nikafunga mlango, nikalia kwa hasira mpaka mtoto akaamka. Mara ya pili nikatoka na kibuyu cha maziwa, nikawanywesha wote, pamoja na mgonjwa. Maziwa ya ng'ombe wale wale. Nikawaambia, "Kunyweni. Mngekuwa na lori la kunyang'anywa njiani, leo mngekuwa na mgonjwa kando ya barabara na mtoto wangu kaburini."

"Mdomo wako huo!" mmoja akasema, lakini alikunywa.

Na Kiplabat? Hakunisemesha mvua zile zote. Akiniona njiani alivuka upande wa pili. Lakini kila machela ilipopita, nilimwona amebeba begani mti wa mbele, upande wa kulia, mahali ambapo uzito wote huangukia mkishuka mlima. Usiku au mvua, yeye. Mtu mwenye mkono uliofumba! Sikumwamini kwanza. Nilisema anataka aonwe. Nikamchunguza, nikamwuliza huyu na yule, na wote wakasema jambo moja: haitwi, anakuja mwenyewe.

Siku moja wakatua machela langoni, mvua imewalowesha. Nikamfikia yeye na kibuyu. Shati lilikuwa limechanika begani, na ngozi ilikuwa imekufa mahali pale, nyeusi na ngumu kama kwato. Akapokea kibuyu. Akanywa. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Uliza, shemeji. Bega hili lina mdai nyuma yake?"

"Halina," nikasema.

Akarudisha kibuyu, akainama, akashika mti wake, wakaenda.

Basi, mwanangu, nakuambia wazi usije ukanilaumu nikiwa kaburini. Gari lako usilitoe wiki hii. Nenda kwanza kwa wenye kamba, hao wa benki. Kaa mbele yao, uwaambie unataka kulitoa kwa yatima, na usikilize watakavyosema. Dawa ya deni ni kulipa. Kama unaweza kumaliza, maliza, na upate neno lao la kuliachilia, lenye sahihi yao. Kama huwezi, waulize wanakuruhusu vipi. Wakikataa, hilo si gari la kutoa, ni mzigo unaotaka kuuhamishia kwenye migongo ya watoto wasio na baba. Nao wa kituo usiwafiche. Mwenye kupokea ana haki ya kujua anapokea nini na ni nani atakayegonga mlango baadaye. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na gari la watu haliwi sadaka yako, hata ulivike maua. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka aibu hiyo haikuui. Ukichoka kungoja, una mikono, una Jumamosi, na pale kituoni kuna kuni za kupasua.

Nawe siku ukiletewa kitu kizuri bure, watu wanaimba, simama. Uliza hata kama wote watakununia. Watakununia, nakuhakikishia. Wanyweshe maziwa, waache wanune.

Haya. Njoo nikuwekee mkono kichwani. Ulale na uamke, mlango wako ufunguliwe na jua tu, asisimame mdai nje. Utoe kilicho chako na kisikupungukie. Watoto wako washibe, na ng'ombe wako wazae majike. Njia yako iwe na umande, na mahali utakapochoka, pawepo mtu wa kukutilia maziwa.